Kamera ya Kwanza: Bana kwenye Bodi, Legeza kwenye Lenzi

Anayetafuta DSLR ya kwanza leo ana bahati kuliko aliyeitafuta miaka kumi iliyopita, na bahati hiyo imeletwa na watengenezaji wenyewe kuzipa kisogo kamera hizo. Mwaka 2003 Canon ilipotoa EOS 300D kwa chini ya dola 1,000 za Marekani, ilikuwa habari kubwa, maana hadi wakati huo DSLR ilikuwa chombo cha magazeti na studio. Mwaka 2018 Canon na Nikon zikazindua mifumo ya EOS R na Z, kamera zisizo na kile kioo cha ndani ya DSLR kinachojiinua kila unapobonyeza, na tangu hapo nguvu zao zimeelekea huko. Wapiga picha wengi wa harusi na wa habari wamezifuata, nazo bodi walizoziacha, yaani kamera bila lenzi, zimejaa sokoni. Canon 700D na Nikon D5300, zote za mwaka 2013, huuzwa sasa kwa sehemu ndogo tu ya bei zilizoanzia.

Hali hii inabadili hesabu ya mwenye bajeti finyu. Bodi hushuka thamani kila toleo jipya linapotoka. Lenzi nzuri ya mwaka 2009 bado inafanya kazi ileile iliyoifanya ilipotoka kiwandani. Kwa hiyo nunua bodi ya zamani iliyotunzwa, na fedha itakayobaki iweke kwenye lenzi.

Megapikseli zisikuumize kichwa. Zile 18 za 700D zinatosha kuchapisha ukurasa wa A3 kwa ubora wa jarida, na televisheni ya HD huonyesha takribani megapikseli mbili tu. Swali la maana zaidi ni hili: utapiga picha za nini, na kwenye mwanga gani?

Bodi nyingi za kuanzia huuzwa pamoja na zumu ya milimita 18 hadi 55. Si lenzi mbaya. Mchana, kwenye mandhari au mkutano wa hadhara, itakutosha. Taabu huanza jua likizama. Mbele ya lenzi hiyo pameandikwa 1:3.5-5.6, na hizo ndizo nambari za tundu linalopitisha mwanga: nambari ikiwa ndogo, tundu ni pana. Ukivuta hadi milimita 55, tundu haliwezi kufunguka kupita f/5.6. Lenzi ya f/1.8 hupitisha karibu mara kumi ya mwanga huo. Ukumbini usiku, pale ambapo zumu inakulazimisha kuacha shata wazi kwa 1/20 ya sekunde na kila anayecheza anatoka michirizi, lenzi ya f/1.8 itakupa karibu 1/200 bila kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga. Wala usitegemee herufi IS za Canon au VR za Nikon kukuokoa. Teknolojia hiyo hutuliza mkono wako. Haimtulizi bibi harusi aliyekwisha kuingia uwanjani kucheza.

Basi lenzi ya pili iwe ile isiyovuta, ambayo wapiga picha huiita praimu. Kwa Canon, EF 50mm f/1.8 STM ya mwaka 2015 ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa za kampuni hiyo. Ila kumbuka kwamba sensa za bodi hizi ni ndogo kuliko fremu ya filamu ya milimita 35, kwa hiyo picha hubanwa: zidisha milimita za lenzi kwa 1.6 kwenye Canon na 1.5 kwenye Nikon. Milimita 50 ya Canon itaona kama 80. Kwa picha ya mtu mmoja ni nzuri mno, lakini sebuleni utarudi nyuma hadi mgongo uguse ukuta. Anayepiga ndani ya vyumba aangalie Nikon AF-S DX 35mm f/1.8G, au Canon EF-S 24mm f/2.8 STM, ambayo nayo hupitisha mwanga mara nne ya f/5.6.

Tundu pana lina gharama yake. Kwenye f/1.8 eneo linaloonekana kali ni jembamba; wazazi walioketi mbele watatoka vizuri na shangazi waliosimama nyuma watafifia. Picha ya ukoo mzima inahitaji f/5.6 au zaidi, na usiku hapo ndipo fleshi ya kupachika juu ya kamera inapohitajika. Ielekeze kwenye dari nyeupe badala ya nyuso za watu, mwanga urudi ukiwa umelainika. Kwa mwenye kazi za sherehe, fleshi itangulie zumu ndefu katika orodha ya manunuzi.

Kabla ya kulipia lenzi yoyote, hakikisha inaingia na kufanya kazi kwenye bodi yako. Lenzi za Canon EF, zilizoanza mwaka 1987, huingia kwenye DSLR zote za Canon. Zenye alama ya EF-S ni za bodi zenye sensa ndogo pekee. Nikon imedumu na mfumo wake wa F tangu 1959, jambo linaloleta lenzi nyingi za zamani kwa bei rahisi, pamoja na mtego wake. Bodi za kuanzia, kama D3300 na D5300, hazina mota ya fokasi ndani. Lenzi ya AF-D, inayotegemea mota hiyo, itaingia, lakini fokasi utaizungusha kwa mkono. Tafuta iliyoandikwa AF-S. Zile mpya za AF-P nazo hazifai kwenye D3100, D3200 wala D5100, ambako hazipati fokasi hata kwa mkono. Ukishindwa kuamua kati ya kampuni hizi mbili, nunua ile wanayotumia wenzako, mpate kuazimana lenzi.

Dukani, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, utakutana pia na majina yanayochanganya. Canon 700D huitwa Kiss X7i Japani na Rebel T5i Marekani. Ni kamera ileile, usikubali kuongezewa bei kwa ajili ya jina. Ya Japani ihakikishe tu kwamba menyu inabadilika kwenda Kiingereza.

Kisha ikague. Bodi nyingi za daraja hili zilipimwa kiwandani kwa mibonyezo 100,000 ya shata, na mpiga harusi anayebonyeza mara 2,000 kila wikiendi huifikia idadi hiyo ndani ya mwaka. Kwenye Nikon idadi imo ndani ya faili la picha yenyewe. Canon nyingi huhitaji kuunganishwa na kompyuta yenye programu maalumu. Piga ukuta mweupe kwa f/16: madoa meusi yanayobaki mahali palepale kila picha ni vumbi juu ya sensa, nalo husafishika. Mulika ndani ya lenzi kwa tochi ya simu. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na lenzi hiyo iache. Kwenye unyevu wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja kuvu huota upesi, kwa hiyo hata lenzi safi ilale kwenye boksi lisilopitisha hewa, pamoja na pakiti za silika jeli. Mwisho, andika nambari ya bodi kwenye risiti, ujilinde na mali ya wizi.

Ukiwa na bodi, zumu ya 18-55 na praimu moja, usinunue kitu kingine kwa miezi kadhaa. Piga picha, kisha fungua taarifa za mafaili yako uone umetumia milimita ngapi. Nyingi zikiwa zimegota kwenye 55, unahitaji zumu ndefu kama Canon EF-S 55-250mm. Zikigota kwenye 18, tafuta lenzi pana zaidi. Zikitawanyika katikati, huna haja ya lenzi mpya. Weka fedha yako. Na siku utakapohamia EOS R, lenzi zako za Canon utaenda nazo kupitia adapta, fokasi ikifanya kazi kama kawaida.