Pai za tosta za matunda: kausha jemu kwanza, ndipo uchukue oda

Swali linalojirudia sana inboksi ni hili: zile pai bapa zenye jemu ya matunda katikati, zinazopashwa kwenye tosta, unazitengenezaje nyumbani, na je, zinalipa? Zinalipa. Ila zina adui mmoja tu, naye ni maji. Ukimshinda huyo, mengine yote ni ya kawaida kama kusukuma chapati.

Pai hizi zilipata umaarufu Marekani. Mwaka 1964 kampuni ya Kellogg's ilianza kuuza Pop-Tarts, na zile za mwanzo hazikuwa na sukari ya kupaka juu, hiyo ilikuja 1967. Zinakaa kabatini bila friji kwa sababu jemu yake ina maji machache sana. Sasa sisi wengi tunakimbilia kuiga rangi na mapambo, wakati cha kuiga ni huo ukavu wa jemu.

Kwa nini ni muhimu kwetu tunaouza mtandaoni? Mteja wako hali pai ikiwa mezani kwako. Anaila baada ya bodaboda, jua na foleni, pengine kesho yake asubuhi. Jemu ikiwa na maji, maji yanahamia kwenye unga, chini panalowa, pembeni panapasuka, na ukungu unawahi. Picha ilikuwa nzuri, mzigo umefika kama mkate uliodondokea kwenye chai. Huyo harudi, na atawaambia wenzake.

1. JEMU

Nitatumia nanasi kwa sababu tunalipata karibu mwaka mzima. Chukua kilo 1 ya nanasi lililokwishamenywa, likwangue au likatekate vipande vidogo sana. Weka sukari gramu 250 na maji ya ndimu 1. Bandika bila kuongeza maji. Moto wa wastani mwanzoni, ukishaona linaanza kuwa zito punguza moto na usitoke hapo, koroga.

Utajuaje limekauka? Mizani. Pima sufuria tupu kabla hujaanza. Ulianza na gramu 1,250 za nanasi na sukari, endelea mpaka zibaki kama 600. Huna mizani? Pitisha mwiko katikati ya sufuria: njia ikibaki wazi bila kujifunga haraka, limefika. Weka tone kwenye sahani, liache lipoe, inamisha sahani. Likitiririka, rudisha jikoni.

Liache lipoe kabisa. Jemu ya moto inayeyusha siagi ya unga wako na pai inafumuka.

Embe dodo nalo linafaa, halina nyuzi nyingi. Msimu wake ukifika na bei ikashuka, pika jemu nyingi ugandishe kwenye friza. Papai halina uchachu, liongezee ndimu.

2. UNGA

Unga wa ngano kilo 1, siagi ya baridi gramu 500, sukari gramu 100, chumvi vijiko 2 vya chai, mayai 2, na maji ya baridi sana kama mililita 200. Vikisha siagi kwenye unga kwa ncha za vidole mpaka uwe kama chenga. Kisha weka mayai, na maji kidogo kidogo. Ukishashikana, acha. Huu sio unga wa chapati, ukiukanda sana unakuwa mgumu. Ufunge, weka kwenye friji nusu saa.

Sukuma uwe na unene wa milimita 3 hivi. Kata vipande vya sentimita 8 kwa 11. Weka jemu gramu 20, yaani kijiko kimoja cha chakula, na uache sentimita 1 na nusu pembeni pasiguswe. Paka maji kidogo kwenye kingo, funika na kipande kingine, bana kwa uma pande zote nne. Toboa matundu machache juu mvuke utoke. Usizidishe jemu kwa kumhurumia mteja, ndiyo inayopasua pai.

Oka kwenye moto wa nyuzi 190 kwa dakika 20 hadi 25, mpaka chini pawe na rangi ya dhahabu. Angalia chini, sio juu tu. Wa jiko la mkaa: sufuria nzito, mchanga mkavu chini, pai zako kwenye bati juu ya mchanga, makaa mengi juu ya mfuniko na machache chini. Chungulia mara kwa mara.

Zikiiva ziweke juu ya wavu zipoe kabisa ndipo ufungashe. Ukifunga za moto, mvuke unageuka maji ndani ya mfuko, na kazi yote ya kukausha jemu imekwenda bure.

3. MAELEKEZO YA MTEJA

Hapa usicheze. Pai iliyopasuka ikiingia kwenye tosta, jemu inadondokea kwenye zile nyaya za moto. Inatoa moshi, na inaweza kuwaka kabisa. Kwa hiyo kila pakiti iandike hivi: pai nzima tu ndiyo iingie kwenye tosta, moto wa chini kabisa, usiondoke hapo. Iliyopasuka ipashwe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika 2 kila upande. Na kikaango ndicho wateja wengi wanacho, usiwatishe kwa neno tosta. Ukipaka sukari ya urembo juu, waambie hiyo haiingii kwenye tosta, inayeyuka.

Andika pia tarehe uliyooka. Mimi kwa joto la Dar nawaambia wale ndani ya siku 2, ikizidi hapo waweke friji. Njia nzuri zaidi ni kugandisha pai mbichi kwenye friza na kuoka oda inapoingia. Hubaki na mzigo wa jana.

4. HESABU

Kipimo hicho kinatoa pai 30. Hizi ni bei za mtaani kwangu, weka za kwako:

Unga 2,000
Siagi 6,500
Mayai 800
Sukari 1,050
Nanasi 2,500
Ndimu 150
Gesi 2,000
Vifungashio 3,000
Jumla 18,000

Ukigawa kwa 30 unapata 600, na hapo watu wengi wanasema wauze 1,000 maana faida ni 400. Subiri kwanza. Toa 3 za kuvunjika na kuonjesha, zinabaki 27. Halafu jilipe: saa 4 za kazi, hata kwa 2,000 kwa saa, ni 8,000. Gharama sasa ni 26,000, gawa kwa 27, kila pai ni kama 963. Ukiuza 1,000 umefanya kazi ya kumfurahisha mteja tu. Mimi nauza 1,500, pakiti ya 4 ni 6,000, na usafiri ni wa mteja. Mzigo wote ukiisha napata 40,500, duka linabaki na 14,500 baada ya mimi kujilipa.

5. PICHA NA SOKO

Usichukue picha za mtandaoni. Vunja pai yako moja, piga picha ya ndani karibu na dirisha. Mteja anataka kuona jemu imekaa, haimwagiki. Weka video fupi ya pai ikipashwa kwenye kikaango kwenye stetasi jioni, wakati watu wanafikiria cha kuwafungia watoto kesho. Chukua oda mpaka saa 2 usiku, oka alfajiri.

Ukianza kufikiria kuweka bidhaa kwenye maduka ya watu, fuata taratibu za TBS, maana tangu 2019 mambo ya usajili wa vyakula yako kwao. SIDO nao wanafundisha usindikaji wa matunda, ulizia ofisi ya mkoa wako.

Anza na nusu kipimo, pai 15. Wape majirani 3, lakini wale kesho yake, sio leo. Kama chini bado pakavu, fungua oda. Kama pamelowa, rudi kwenye sufuria ya jemu.

Una swali la kipimo au bei ya mkoani kwako? Niandikie hapo chini, tusaidiane.