Mwanafunzi Mgeni na Watoto wa Nchi ya Chai
Sehemu ya Pili: Adabu ya Kunyamaza na Elimu ya Kazi

Sehemu ya kwanza ya makala haya iliwatazama wataalamu wa enzi ya ukoloni waliofika Kericho, akiwamo J. G. Peristiany, ambaye kitabu chake cha mwaka 1939 kilishughulikia zaidi marika, koo, ndoa na sheria za Wakipsigis. Sehemu hii inawageukia watoto na mama zao, na inajibu swali linalomkabili kila mwanafunzi wa ng'ambo anayekaribishwa katika kaya ya Kericho au Bomet, awe amekuja kwa utafiti, kwa mafunzo ya udaktari katika Hospitali ya Tenwek, au kwa kujitolea shuleni: afanye nini ili watoto wa nyumba hiyo wamkubali?

Kwanza ni lazima mgeni ajue kwamba nchi ya chai si jamii ya namna moja. Katika mashamba makubwa ya kampuni, yaliyoanza kupandwa katika miaka ya 1920, wafanyakazi wa makabila mbalimbali huishi pamoja katika kambi, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha watoto wao wanapocheza. Kwa wakulima wadogo, ambao huchuma majani mawili na chipukizi katika vishamba vyao na kuyauza kupitia wakala wa chai uliorithi mamlaka iliyoundwa mwaka 1964, lugha ya nyumbani ni Kikipsigis, na mtoto ambaye hajaanza shule huenda asielewe Kiswahili wala Kiingereza. Kwa hiyo, mgeni asiyejua hata salamu ya «Chamgei» hawezi kumlaumu mtoto kwa kutomjibu.

Hata hivyo, lugha peke yake haitoshi kueleza ukimya wa mtoto, na hapa utafiti uliofanywa katika jamii ya Kokwet una mengi ya kufundisha. Kuanzia mwaka 1972 hadi 1975, Sara Harkness, aliyekuwa bado mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Harvard, na mwanasaikolojia Charles Super waliishi miongoni mwa familia za Wakipsigis wa Kokwet, wakulima wa mahindi na pareto waliofuga pia ng'ombe wa maziwa. Ingawa zao lao halikuwa chai, malezi waliyoyaeleza watafiti hao yanatambulika katika kaya nyingi za Kericho na Bomet.

Katika makala waliyoichapisha mwaka 1977, watafiti hao walieleza kwamba watoto wadogo walipotakiwa kumsimulia mtu mzima hadithi waliyokwisha kuisikia, wengi wao walinyamaza, hata pale walipoulizwa katika mazingira ya kwao na kwa lugha yao wenyewe. Kunyamaza huko hakukutokana na upungufu wa akili, kwani watoto hao hao walikuwa wakipokea maagizo marefu kutoka kwa mama zao na kuyatekeleza barabara. Kulitokana na malezi yanayomfunza mtoto kusikiliza, kutii na kutenda mbele ya mkubwa, na kumwachia maongezi mengi anapokuwa na watoto wenzake. Mgeni anayemmiminia mtoto maswali, hata kwa upendo, humtaka avunje adabu aliyofunzwa.

Wazazi wa Kokwet walikuwa na kipimo chao cha akili ya mtoto. Walimsifu kwa neno «ng'om», yaani mwenye akili, lakini walipambanua akili ya shuleni na akili ya nyumbani, na hii ya pili ilionekana kwa mtoto aliyeona kazi inayohitaji kufanywa akaifanya bila kutumwa, kama vile kufagia baada ya chakula au kumwangalia mdogo wake. Watoto wachanga nao walifundishwa kwa makusudi kuketi na kutembea, kiasi kwamba mama aliweza kumkalisha mwanawe katika kishimo kilichochimbwa ardhini ili kimwegemeze. Super alibaini kwamba watoto hao waliwatangulia wenzao wa Marekani katika stadi walizofundishwa, lakini hawakuwatangulia katika kutambaa, ambako hakukutiliwa mkazo.

Kutokana na kazi hiyo, mwaka 1986 Harkness na Super walitoa nadharia ya mazingira ya makuzi, inayosema kwamba mtoto hukua ndani ya mambo matatu yanayotegemeana: mahali na watu anaoishi nao, desturi za kumlea, na fikra za wale wanaomlea. Maana yake kwa mgeni ni kwamba hakuna njia ya kumjua mtoto peke yake, akiwa ametengwa na kaya yake. Anayetaka kumjua amsalimu kwanza kogo, yaani bibi wa nyumba, aipokee mursik, ambayo ni maziwa yaliyogandishwa katika kibuyu kilichotiwa masizi ya mti, kisha aombe kupewa kazi, iwe kuteka maji, kukata nyasi za ng'ombe au kubeba kapu la chai hadi kituo cha ununuzi. Watoto watamfundisha kazi hiyo kwa kuifanya mbele yake, na hapo ndipo maneno yao yatakapoanza kutoka.

Ukaribu huo una mipaka yake. Utafiti unahitaji kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inadai ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Jando la wavulana, ambalo mara nyingi hufanyika katika likizo ya Desemba, lina siri ambazo mgeni hapaswi kuzichungulia. Aidha, ugawaji wa peremende na fedha njiani humfunza mtoto kumwona mgeni kuwa mfuko, na humvunjia heshima mzazi anayemtafutia mwanawe riziki kwa jasho lake. Zawadi ya kaya ikabidhiwe mama au baba, ambao ndio wanaojua namna ya kuigawa.

Mwanafunzi anayeyazingatia haya atakuwa amekubali kuwa mwanafunzi kweli, yaani mtu anayefundishwa na wenyeji wake, wakiwamo wadogo kuliko wote. Sehemu ya tatu itazungumzia deni analobaki nalo akisharudi kwao: namna ya kuzirudishia familia matokeo ya utafiti uliofanywa katika nyumba zao.