Drepanositozi: si karuho, ni kosa dogo ndani ya damu

Mtoto analia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa. Macho yamekuwa manjano, mikono na miguu imevimba. Huko Kadutu, Bagira ao Ibanda, hakukosi jirani wa kusema: «Hiyo ni karuho». Jamaa wanaanza kutafuta nani alimpa mtoto sumu, na mara nyingi mama ndiye anashutumiwa. Lakini dalili hizo zinaweza kuwa za drepanositozi, ugonjwa wa damu ambao mtu anazaliwa nao.

Mwili umejengwa na chembe ndogo sana, na kazi ya kila chembe inategemea molekuli zilizo ndani yake. Chembe nyekundu ya damu imejaa hemoglobini, protini inayobeba oksijeni kutoka mapafu hadi mwili mzima. Hemoglobini iko kama nyuzi nne za shanga. Mbili kati yake, zinazoitwa beta, kila moja ina shanga 146. Kwa mgonjwa, shanga ya 6 tu ndiyo imebadilika. Vernon Ingram aligundua jambo hilo Uingereza mwaka 1956.

Shanga moja inatosha kuharibu kazi. Hemoglobini hiyo ikiisha kuachilia oksijeni, inashikamana na zingine na kuwa kama kamba ngumu. Chembe inapindika kama mundu, inaziba mishipa midogo: ndipo maumivu yanatoka. Chembe ya kawaida inaishi karibu siku 120, ile iliyopindika siku 10 hadi 20 tu. Ndiyo maana damu inapunguka na macho yanakuwa manjano.

Ugonjwa hautoki kwa mama peke yake. Baba na mama wote wawili wakiwa AS, wao wenyewe wanaweza kuwa wazima kabisa, lakini kwa kila mimba kuna nafasi 1 juu ya 4 ya kuzaa mtoto SS. Egzameni ya damu inayoitwa elektroforezi ndiyo inaonyesha ukweli, na wachumba wanaweza kuifanya mbele ya ndoa.

Mtoto SS anywe maji mingi, akingwe na baridi ya Bukavu, alale ndani ya chandarua. Akipata homa, apelekwe kwa munganga siku ileile. Wakati unaopotea kwa kutafuta mchawi, chembe zinaendelea kufa.