Neno Moja, Maana Mbili

Mji wa Isiolo umesimama penye njia panda. Barabara itokayo Nairobi hufika hapo, kisha huendelea kaskazini mpaka Moyale, mpakani mwa Ethiopia. Na njia nyingine hugeuka mashariki kwenda Garba Tula na Wajir. Hapo hukutana Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru. Miongoni mwa Wasomali wa mji huo wamo wazao wa askari waliopigana katika Vita Kuu ya 1914 hata 1918, wakapewa makao Isiolo.

Katika soko la mifugo la mji kama huo, masikio hupata kazi kubwa kuliko macho. Mborana humwita ngamia gaala. Msomali humwita geel, na maneno hayo mawili yafanana kama ndugu. Lakini Msomali ana neno jingine, gaal, na maana yake ni mtu asiye Mwislamu. Basi mgeni aliyejifunza neno la ngamia kwa Mborana, akalitamka ovyo mbele ya Msomali, aweza kudhaniwa anatukana dini ya watu, hali nia yake ni kuuliza bei tu.

Si hilo peke yake. Mborana akisema dansa, hataki kucheza. Asema jambo ni jema. Akisema bara, hataji nchi iliyo mbali na pwani, bali mwaka au zama. Na akitaja sa'a, haulizi saa ngapi: amtaja ng'ombe jike. Kwa upande mwingine, shan ni tano kwa Mborana na kwa Msomali pia, na katika kuhesabu fedha hapana ugomvi.

Hata neno mama si salama. Mkikuyu humwita mama yake mzazi maitu. Kwake yeye, mama ni mjomba. Katika nchi ya Georgia, karibu na Bahari Nyeusi, mama ni baba mzazi. Na kwa Warusi, baba ni mwanamke wa shamba au bibi kizee.

Wazungu nao, ijapokuwa wengi wao huandika kwa herufi zile zile, hutegana vivyo hivyo. Mwitalia akiomba burro mezani huletewa siagi. Mhispania akisikia neno hilo humfikiria punda. Mfaransa akiandika pain ataka mkate, bali Mwingereza akiliona aona maumivu. La hatari kuliko yote ni gift. Kwa Mwingereza ni zawadi. Kwa Mjerumani ni sumu, na kwa Msweden ni sumu na tena ni mtu aliyeoa au kuolewa. Mkulima akiiona chupa ya Ujerumani yenye neno hilo, asifurahi kwamba amepewa bure.

Mambo haya yana sababu tatu. Ya kwanza ni bahati tu: sauti za kinywa cha mwanadamu si nyingi, na watoto wachanga kila mahali huanza na ma na ba, kisha wazee huamua sauti ile ni jina la nani. Ya pili ni kuazima. Dansa ya Kiswahili ilitoka kwa Waingereza, ikamkuta Mborana ana dansa yake. Nao Waingereza waliazima safari yetu, ambayo asili yake ni Kiarabu, wakaifanya hasa matembezi ya kuwinda au kutazama wanyama.

Ya tatu ni neno moja kukua katika nyumba mbili. Gift ya Kiingereza na ya Kijerumani zina shina moja, nalo ni kutoa. Wajerumani walilitumia kwa kipimo cha dawa anachopewa mtu, na kutoka kipimo wakafika kwenye sumu. Msomaji asiwacheke: sisi pia husema dawa kwa kitu kimponyacho mtoto, na dawa kwa kitu kimuuacho panya, na vyote viwili huweza kuwekwa katika rafu moja.

Kwa hiyo karani anayeandika maneno ya shahidi, na mfugaji anayepatana bei, wote wana wajibu mmoja. Neno likisikika kama matusi, au kama ahadi kubwa mno, yafaa kumwuliza aliyelisema alikusudia nini kabla ya kuandika au kukasirika. Kuuliza si ujinga.