Lugha ya Kueleza: Funzo kutoka kwa Wanaojifunza Kijerumani cha Chuo Kikuu

Mtoto wa darasa la nne aweza kusimulia mchezo wa mpira kwa ufasaha mkubwa, akawachekesha wenzake. Mtoto huyo huyo, akitakiwa darasani kueleza kwa nini nguo hukauka upesi penye upepo, hujibu kwa maneno mawili au hunyamaza kimya. Mwalimu asiyekuwa mwangalifu humhesabu kuwa mzito wa akili. Katika makala haya twataka kuonyesha kwamba mara nyingi upungufu hauko katika akili, bali katika aina ya lugha ambayo mtoto hajafundishwa. Mfano wetu tutautoa Ujerumani, nchi ambayo lugha yake ilitupatia neno letu "shule", kwa kuwatazama watu wazima wanaojifunza Kijerumani cha juu ili waweze kusoma katika vyuo vikuu vya huko. Kwa watu hao jambo hili huonekana waziwazi, maana akili wanayo na elimu wanayo. Wanachotafuta ni lugha tu.

Kuzungumza si kueleza

Mwaka 2001 Baraza la Ulaya lilitoa mpango unaogawa ujuzi wa lugha za kigeni katika ngazi sita, kuanzia A1 hadi C2. Mgeni aliyefika ngazi ya tatu, yaani B1, huweza kununua vitu, kusafiri na kuongea na majirani. Lakini anayetaka masomo yanayofundishwa kwa Kijerumani katika chuo kikuu kwa kawaida hutakiwa kuthibitisha ujuzi wake kwa mtihani. Upo mtihani uitwao DSH, unaotolewa na vyuo vikuu vyenyewe, na upo ule wa TestDaF, ulioanza mwaka 2001. Huu wa pili hupima kusoma, kusikiliza, kuandika na kusema. Mtahiniwa hutakiwa kueleza mchoro wenye takwimu, kulinganisha faida na hasara za jambo, na kutoa maoni yenye sababu. Kwa hiyo mtu aliyekaa Ujerumani miaka kadhaa, anayetaniana na wenyeji bila shida, aweza kushindwa mtihani huo.

Mambo matatu ya kuandika

Mwanafunzi wa Kijerumani cha juu hukutana na mambo mengi mapya katika kuandika. Tutaje matatu.

(a) Kitenzi kugeuzwa kuwa jina. Katika mazungumzo Mjerumani husema "weil die Preise steigen", yaani "kwa sababu bei zinapanda". Katika maandishi ya kitaaluma huandika "infolge des Preisanstiegs", yaani "kutokana na kupanda kwa bei". Tukio limekuwa kitu, na kitu chaweza kupimwa, kulinganishwa na kuelezwa zaidi. Msomaji aone kwamba Kiswahili nacho kina njia hiyo hiyo.

(b) Kutenganisha maneno ya mwandishi na ya mtu mwingine. Kijerumani kina umbo maalumu la kitenzi kwa kazi hiyo. "Die Methode ist falsch" maana yake ni "njia hiyo si sahihi", nayo ni kauli ya mwandishi mwenyewe. Lakini akiandika "der Verfasser meint, die Methode sei falsch", neno "sei" humwonya msomaji kwamba hayo ni maoni ya mwingine, nasi hatujui bado kama mwandishi anayakubali. Kiswahili hakina umbo hilo la kitenzi. Sisi hutumia maneno kama "kwa maoni yake", na hata "eti" pale tunapotia shaka.

(c) Viungo vya hoja. Mwanafunzi hufundishwa jozi kama "zwar ... aber", yaani "ni kweli kwamba ... lakini". Kwa jozi hiyo hukubali sehemu ya hoja ya mpinzani kabla ya kuleta yake. Asiyekuwa na viungo hivi hupanga sentensi kama mawe yasiyo na udongo kati yake.

Kusema mbele ya wenzake

Katika vyuo vikuu vya Ujerumani mwanafunzi huombwa kutoa hotuba fupi iitwayo "Referat". Husimama mbele ya wenzake, mara nyingi akiwa amewagawia karatasi ya muhtasari, akaeleza mada yake, kisha hujibu maswali. Walimu wa lugha hawamwachi ajitose tu. Humpa kwanza kile wanachokiita "Redemittel", yaani vyombo vya kusemea: sentensi za kufungulia hotuba, za kuhamia hoja nyingine, kama "Ich komme nun zum zweiten Punkt" (Sasa naingia katika hoja ya pili), na za kupinga kwa adabu, kama "Da bin ich anderer Meinung" (Hapo mimi nina maoni tofauti). Mwanafunzi husikiliza mfano, hujaribu akiwa na vyombo hivyo mkononi, na mwishowe husema bila kuvitazama.

Yatuhusuje sisi?

Wataalamu wa elimu wa Ujerumani wametambua kwamba tatizo hili si la wageni wazima peke yao. Wana neno "Bildungssprache", yaani lugha ya elimu, nao huonyesha kwamba watoto wote wa shule, hata waliozaliwa katika Kijerumani, hulazimika kujifunza lugha hiyo. Basi na mtoto wetu, ingawa amelelewa katika Kiswahili, huhitaji kuongozwa.

Tuchukue lile somo la kukausha nguo. Watoto waloweshe vitambaa viwili vilivyo sawa, kimoja wakianike penye upepo na kingine ndani ya chumba. Wakiwa katika vikundi watasema, "Hiki kimekauka, kile bado." Lugha hiyo si kosa. Yatosha, kwa sababu vitambaa viko mbele yao na kidole chaweza kuonyesha. Lakini mwalimu akimwita mmoja awaeleze wenzake wa darasa jingine, ambao hawakuona kitu, "hiki" na "kile" havisaidii tena. Hapo ndipo mwalimu aandike ubaoni vyombo vya kusemea: "kilichoanikwa", "kuliko", "kwa sababu", "kwa hiyo". Mtoto ataweza kusema, "Kitambaa kilichoanikwa penye upepo kilikauka mapema kuliko kilichowekwa chumbani, kwa sababu upepo huondoa mvuke." Wakisha kusema hivyo wengi, ndipo waandike.

Hata hivyo twatoa tahadhari mbili. Kwanza, mwalimu asiidharau lugha ya vikundi wala ya nyumbani, kwani ndimo wazo linamozaliwa. Pili, asiwalemeze watoto wadogo kwa majina mazito. "Kutokana na kupanda kwa bei" kwafaa wakubwa, na kila darasa lina kipimo chake.

Kwa hiyo, mwanachuo anapoandaa somo la sayansi, la hesabu au la jiografia, hapana budi ajiulize maswali mawili pamoja na yale ya kawaida: Leo watoto watatakiwa kueleza nini? Na ni maneno gani watakayohitaji ili waeleze? Majibu yake ayaandike katika maandalio ya somo, kando ya orodha ya vifaa. Kama ajuavyo kwamba hawezi kufundisha vipimo bila rula, ndivyo ajue kwamba hawezi kudai maelezo kwa watoto ambao hajawapa maneno ya kuelezea.