Tenisi Haichezwi kwa Raba za Kukimbilia

Mwaka jana nilipangiwa field ya ualimu Mikumi, wilayani Kilosa. Wengi wetu Mikumi tunaijua kwa dirishani tu: basi la Iringa au Mbeya linapunguza mwendo, unaona twiga, unapiga picha, safari inaendelea. Mimi nilishuka na begi, godoro na raketi mbili za kuazima kutoka chuoni. Tenisi nilijua kucheza kidogo, na nilijiona najua kufundisha. Kuhusu viatu sikujua kitu, na kutojua kwangu kulimuumiza mtoto wa watu. Ndiyo maana naandika.

Shule niliyopangiwa ilikuwa na kiwanja cha netiboli cha saruji. Kiwanja cha netiboli kina urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25. Cha tenisi ni mita 23.77 kwa 10.97, yaani kinaingia humo humo na nafasi inabaki. Tukachora mistari kwa chokaa, tukafunga kamba katikati usawa wa kiuno, tukatundika viroba juu yake ili mpira usipite chini kwa chini. Kila siku baada ya vipindi tukawa tunacheza.

Binti mmoja wa kidato cha pili aliushika mchezo kuliko wenzake wote. Alikuwa anacheza peku. Nikamfuata mama yake, anauza maandazi stendi, nikamwambia mtoto anahitaji raba. Akaniuliza zipi. Nikaenda naye kwenye mitumba nikachagua mwenyewe: raba za kukimbilia, nyepesi, soli nene na laini kama sponji. Ukizivaa unahisi umekanyaga godoro. Akatoa elfu ishirini.

Siku ya tatu binti alikimbilia mpira wa pembeni, akafunga breki ili ageuke. Kiatu kikalala ubavu na mguu ukalala nacho. Kifundo kilivimba kama embe. Kituo cha afya walisema mfupa haukuvunjika, ila asicheze wiki tatu. Wiki ya kwanza alikuja shule anachechemea na fimbo. Mama yake hakunigombeza. Alisema tu, "Mwalimu, si ulisema hizi ndizo nzuri?"

Bora angenitukana.

Kosa lilikuwa wapi

Usiku huo nilimpigia simu kocha wetu wa chuoni. Alichoniambia ni rahisi, na naona aibu kwamba sikuwahi kukifikiria. Anayekimbia barabarani anakwenda mbele tu, hatua maelfu zinazofanana. Kiatu chake kimetengenezwa kwa kazi hiyo: soli nene ya kupunguza kishindo, kisigino kilichoinuliwa, sehemu ya juu nyepesi.

Tenisi ni mchezo wa ubavu. Katika mchezo wa mmoja kwa mmoja, kutoka katikati ya kiwanja hadi mstari wa pembeni ni kama mita 4 tu. Unapiga hatua tatu au nne, unasimama ghafla, unarudi. Kila unaposimama, uzito wako wote unaangukia ukingo wa nje wa kiatu. Soli ikiwa ndefu na laini, inabonyea upande mmoja na kifundo kinafuata. Ni kama malori ya kwenye kona za Kitonga: lililojaza mzigo juu ndilo linaloyumba, pikapu fupi inapita bila wasiwasi.

Kwa hiyo kiatu cha tenisi kinatakiwa kiwe karibu na ardhi, kipana chini, kigumu ubavuni, na kishike kisigino vizuri. Ulaini unakuja baadaye. Mimi nilianza na ulaini.

Kukagua kiatu kwenye lundo la mitumba

Najua wengi tunanunua mitumba, tena siku boom linapoingia. Habari njema ni kwamba ukaguzi wenyewe ni wa mikono, hauhitaji kujua majina ya kampuni.

Kwanza, kikamue. Shika mbele kwa mkono mmoja na kisigino kwa mwingine, kisha kizungushe kama unakamua nguo. Kikizunguka kama tambara, kirudishe. Cha tenisi kinakataa.

Pili, kikunje. Kinatakiwa kukunjika pale vidole vinapoanzia, mahali mguu wako wenyewe unapokunjika. Kikikunjika katikati ya unyayo, hakina mgongo.

Tatu, bonyeza kisigino kwa nyuma na pembeni. Kikiingia ndani kirahisi, hakitakushika.

Nne, kiweke juu ya meza ukitazame kwa nyuma. Kama kisigino kimepanda juu sana kuliko sehemu ya vidole, hicho ni cha kukimbilia. Angalia pia kama kimelala upande mmoja. Mwenye nacho wa kwanza alikuwa na mwendo wake, na soli iliyolika upande itakuvuta huko huko.

Tano, ingiza ukucha kwenye kiungo cha soli. Kiatu kinaweza kuonekana kipya kabisa kumbe kimekaa stoo miaka mingi kwenye unyevu. Soli za aina fulani zikikaa hivyo huoza kwa ndani na kumenyeka kama keki kavu siku ya kwanza ya mazoezi. Gundi ikiwa imeachia lakini mpira wa soli ni mzima, fundi viatu anaweza kuizungushia uzi. Sponji iliyooza haishiki uzi.

Sita, vaa viatu vyote viwili, ukiwa na soksi utakazochezea, na ikiwezekana iwe jioni maana mguu huvimba kidogo mchana kutwa. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Kikibana, kila ukifunga breki kucha zitagonga, na baada ya wiki mbili zitakuwa nyeusi.

Na zile raba nyeupe zenye picha ya mtu kwenye ulimi, ambazo nusu ya chuo tunavaa na jinzi? Yule ni Stan Smith, Mmarekani aliyetwaa ubingwa wa Marekani mwaka 1971 na wa Wimbledon mwaka 1972. Kilikuwa kiatu cha tenisi kweli. Leo ni cha mtaani zaidi, lakini kwa kuwa kipo chini na ni bapa, kwa anayeanza kina nafuu kuliko raba ya kukimbilia.

Uliza kiwanja

Wakubwa wenyewe hawatumii soli moja kila mahali. Wimbledon wanacheza kwenye nyasi, Paris kwenye udongo mwekundu, New York na Melbourne kwenye sakafu ngumu. Dada yetu Angella Okutoyi wa Kenya, aliyetwaa ubingwa wa wasichana wawili wawili pale Wimbledon mwaka 2022, alishinda kwenye nyasi.

Sisi nyasi tuwaachie wao. Saruji, kama ile ya Mikumi, ni msasa: inakula soli. Hapo tafuta mpira mgumu uliofunika chini yote, bila sponji kuonekana. Kiwanja cha udongo kina mchanga mwembamba juu, kwa hiyo unateleza kidogo kila unaposimama. Hapo soli inayofaa ni yenye mistari ya zigizaga iliyojaa, inashika halafu inaachia. Udongo ukijaa kwenye mistari, gonga soli kwa ubavu wa raketi. Njumu za mpira wa miguu usilete kokote: kwenye saruji zinateleza, kwenye udongo zinachimba kiwanja.

Mara ya pili

Binti alipopona tulialikwa na shule moja Kilosa mjini, kiwanja chao ni cha udongo. Tulitangulia siku moja na mama yake, tukapitia mitumba. Safari hii hela nilitoa mimi, na hilo sikutaka lijadiliwe. Lakini kuchagua sikuchagua. Nilimwonyesha mama jinsi ya kukamua, nikakaa pembeni.

Alirudisha pea tatu. Muuzaji akaanza kuchoka, "Mama, hiyo ni raba au nguo ya kufua?" Hakumjibu. Pea ya nne ilikuwa chakavu kidogo, chini ina zigizaga, kisigino kigumu. Akaibonyeza, akaikunja, akaingiza ukucha, akasema hii. Fundi aliizungushia uzi kwa buku tatu.

Kesho yake binti alifungwa. Mpinzani alimzidi kwa mbali, sitadanganya. Lakini alikimbilia kila mpira wa pembeni, akasimama, akageuka. Mimi sikuwa naangalia mpira, nilikuwa naangalia kifundo.

Kwa hiyo wewe unayetaka kujiunga na timu ya tenisi muhula huu, usianze na raketi, raketi chuo kitakuazima. Anza na miguu. Na kama unakwenda field na kuna mzazi atakayekuuliza "zipi?", ni bora umwambie hujui, kuliko kumchagulia kama nilivyofanya mimi.