UFAFANUZI KUHUSU KIRUSI CHA KIMYANGA CHA MPUNGA

Wananchi na watumishi wa Serikali wanaoagiza mbegu ya mpunga kutoka Chekereni, Moshi, wanafahamishwa kwamba kimyanga, ugonjwa unaogeuza majani kuwa ya manjano na kudumaza mpunga, hauenezwi kwa mbegu. Kirusi chake, kilichogunduliwa karibu na Kisumu mwaka 1966, ni uzi mmoja wa RNA uliofungwa ndani ya ganda la vipande 180 vya protini.

Ganda hilo halifungi uzi wake tu. Mwaka 1998 ilitangazwa kwamba hubeba pia RNA ndogo ya duara, isiyoweza kujizalisha peke yake. Katika kirusi kimoja cha matango, chenye ganda la vipande 180 vilevile, utafiti wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba hata RNA za mmea wenyewe hufungwa humo, ingawa kwa kiasi kidogo.

Kwa mkulima, lililo zito zaidi ni uimara wa ganda. Kirusi huambukiza kupitia mbawakawa, mikono na mundu, wala hakuna dawa ya kukiondoa ndani ya mmea. Kwa hiyo miche isihamishwe kutoka bonde lenye ugonjwa, mundu uoshwe kwa sabuni, na mashina yaliyougua yang'olewe na kuteketezwa.